Samadi Mbichi

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Siafu alifagia nywele za watu. Baba yake alikuwa kinyozi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka. Kulikuwa na kiti cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimegoma kuzunguka, kioo kikubwa chenye ufa pembeni, mashine za kunyolea zilizoning'inia kwenye misumari, na chupa ya spiriti ambayo harufu yake ilimfuata mtu hadi jikoni ikaingia kwenye chai. Siafu halikuwa jina lake la cheti. Alipachikwa jina hilo na baba yake mwenyewe tangu utotoni, kwa sababu akishaling'ata jambo haliachii.

Asubuhi hiyo mteja wa kwanza alikuwa fundi viatu, mzee mwenye upara unaong'aa. Nywele zilizombakia zingeweza kumalizwa kabla chai haijapoa, lakini alikuja kila wiki na kukaa mpaka jua likawa kali. Hakufuata kunyolewa, alifuata mazungumzo.

"Huyu ndiye daktari wangu," Baba alisema, akimwelekezea Siafu kitana. "Mwakani anaingia kidato cha tatu. Anachukua masomo ya udaktari moja kwa moja."

"Vizuri sana," mzee alisema. "Atanitibu magoti."

Siafu alisimamisha ufagio. "Babu, magoti yako atayatibu mwingine. Mimi nachukua kilimo."

Mashine ilizimwa. Baba alimtazama binti yake kupitia kwenye kioo, kama anayetafuta mahali aliponyoa vibaya.

"Unachukua nini?"

"Kilimo, Baba. Nilikwambia jana. Na juzi pia nilikwambia."

"Nilidhani unatania."

"Sitanii."

Baba aliweka mashine mezani taratibu. "Sikiliza, mama. Mimi nililikimbia jembe nikiwa rika lako. Nilitoka shambani viganja vimepasuka, nikaapa kwamba mwanangu hatalishika. Mama yako anafua mashuka ya hospitali mpaka mgongo unamuuma, anawaona madaktari wanavyopita na makoti yao meupe. Halafu wewe unataka kurudi kule kule nilikotoka?"

"Sirudi kulima kwa kubahatisha. Nataka kusomea udongo."

"Udongo!" Baba alimgeukia mteja wake. "Umesikia, mzee wangu? Udongo nao unasomewa! Mimi miaka yote najua udongo unafuliwa."

Wanaume wale wawili walicheka hadi kitambaa kikamdondoka mzee mabegani. Siafu hakucheka. Alikiokota kitambaa, akakikung'uta, akamfunga tena mzee shingoni.

"Baba, si wewe uliyetuambia kwamba Babu alikasirika ulipotaka kuwa kinyozi? Alisema nywele si kazi, zinaota na kukatwa tu. Na mbona umetulea kwa nywele?"

Mzee alipiga goti lake bovu kwa furaha. "Hapo amekunyoa bila maji!"

Baba aliona haya, na haya ilipomshika alikuwa mtu wa kukunja uso. "Siku ya wazazi nakuja shuleni. Nitamwambia mkuu wa shule kwa mdomo wangu kwamba wewe ni wa udaktari. Nimemaliza."

"Na mimi nitakuwepo," Siafu alisema, akazoa nywele na kutoka nazo nje.

Kusema kweli, Baba hakuwa peke yake katika kukidharau kilimo. Shuleni kwao somo hilo lilikuwa na sifa mbaya, na shule yenyewe ndiyo iliyolipatia sifa hiyo. Mwanafunzi akichelewa, alipewa jembe. Akipiga kelele darasani, alipewa jembe. Akisahau kuchomekea shati, jembe lilimsubiri. Nyuma ya madarasa kulikuwa na eneo kubwa, upande mmoja bustani ya somo la kilimo na upande wa pili kichaka, na wakosaji wote walipelekwa huko kulima kichaka ambacho hakikuisha. Basi waliosoma kilimo kwa hiari yao waliitwa wafungwa. "Wafungwa, mnatoka lini?" wenzao waliwauliza wakipita, na Siafu hakuwahi kupita bila kuwajibu.

Kilichomvuta yeye kilikuwa shimo. Mwalimu wa kilimo alikuwa kijana mrefu aliyevaa buti za mpira hata siku za jua kali, kwa hiyo wanafunzi walimwita Mabuti, naye aliitika bila kinyongo. Siku moja aliwachimbisha shimo la kufika kiunoni, kisha akawaambia waingie humo na kutazama ukuta wake. Juu kulikuwa na udongo mweusi uliojaa mizizi, chini yake mwekundu, chini kabisa mweupe wenye mawe. Akawapa maji kidogo, akawaambia waulowanishe udongo na kuuviringisha kati ya viganja. Ukijikunja kama pete bila kukatika, una mfinyanzi mwingi. Ukimeguka, una mchanga. Siafu aliviringisha mpaka mikono ikamchoka. Wa kwake ulimeguka, wa mwenzake uliochotwa hatua chache tu kutoka pale ulijikunja, naye alitaka kujua ni kwa nini, na toka siku hiyo hakuona tena ardhi kama kitu cha kukanyaga tu.

"Kuna watu wanaajiriwa kwa kazi hii," Mabuti aliwaambia. "Wanapima udongo kabla mkulima hajapanda na kabla bwawa halijachimbwa. Wengine wanatunza misitu, wengine vyanzo vya maji, wengine wanatibu mifugo au kufuga samaki. Wote walianzia kwenye darasa kama hili, na wengi wao walichekwa kama mnavyochekwa nyinyi."

Ndipo habari mbaya ikaja. Mkuu wa shule, mama mmoja mfupi aliyefundisha hesabu na kupenda kila kitu kiwe kwenye mstari, alitangaza kwamba mwakani somo la kilimo litafutwa. Wanaolisoma walikuwa wachache mno. Mahali pa bustani patakuwa pa kuegesha magari.

Wenzake Siafu waliguna na kuinamisha vichwa. Yeye alikwenda moja kwa moja ofisini, akabisha hodi kabla hasira haijapoa.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kwa nini wanaochelewa hawapewi hesabu?"

Mkuu wa shule aliinua macho kutoka kwenye karatasi alizokuwa akisahihisha. "Hesabu zina uhusiano gani na kuchelewa?"

"Hazina. Na jembe pia halina. Lakini anza leo kuwapa wakosaji wote hesabu, kila aliyekosea akae juani akizidisha na kugawanya. Mwakani na wewe utabaki na darasa la watu wachache."

Mwalimu alivua miwani. "Una ulimi mkali, binti."

"Kwa ukali wake naomba radhi, Mwalimu. Kwa nilichokisema siombi."

Siafu hakurudi nyuma. Mwisho mkuu wa shule alivaa miwani yake tena.

"Haya. Siku ya wazazi inakaribia. Nionyesheni bustani ambayo mzazi akiiona atakubali mtoto wake asome kilimo. Mkiweza, somo linabaki na adhabu ya jembe naifuta. Mkishindwa, nisikuone tena humu na hesabu zako za kuadhibu watu."

"Tutaweza," Siafu alisema, bila kuwauliza wenzake.

Walifanya kazi kweli kweli. Miche ya nyanya waliyokuwa wameiotesha kwenye kitalu waliihamishia bustanini, kwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba hata mkuu wa shule angeipenda. Pembeni Mabuti alikuwa na lundo la mboji, majani na kinyesi cha kuku vikiwa vimepangwa tabaka kwa tabaka na kufunikwa kwa nyasi. Kila walipomaliza kumwagilia alichomeka kijiti kirefu katikati ya lundo, akakiacha kidogo, akakichomoa na kuwapa wakishike. Kilikuwa cha moto.

"Lundo bado linachemka," alisema. "Samadi mbichi ni kali, inaunguza mizizi. Siku kijiti kikitoka kimepoa, na lundo halinuki tena ila harufu ya udongo, ndipo tutaitia kwenye miche. Kabla ya hapo mtu asiguse."

Kisha akaitwa kwenye semina ya walimu, akaondoka na buti zake.

Miche ile ilikaa tu. Haikufa, ila haikuonyesha dalili ya kukua. Majani yake yalikuwa na umanjano na urefu wake ulikuwa wa kuchekesha. Siafu aliitazama kila siku na kila siku roho ilimuuma zaidi. Akilini alimwona mkuu wa shule akiipita bila kusimama. Alimwona baba yake akija siku ya wazazi, akitupa jicho moja na kusema, "Hii ndiyo elimu ya udongo?"

Jirani yao alikuwa mama mfuga kuku. Siafu alimwomba samadi, naye akamwambia achote tu, amsaidie kusafisha banda. Ilikuwa ya siku ile ile, imelowana, na ilinuka hadi macho yakamtoka machozi. Jioni wenzake walipokwisha kwenda nyumbani, alirudi bustanini na gunia lake. Alijua alichoambiwa. Alijua vizuri kuliko darasa zima, maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukishika kile kijiti. Lakini alijiambia kwamba Mabuti ana muda na yeye hana. Akaweka konzi nono kwenye shina la kila mche, mstari baada ya mstari, akamwagilia. Gunia lilimwishia kabla hajafika mstari wa mwisho, ule uliopakana na kichaka. Akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Siku hazikupita nyingi. Asubuhi moja alikuta kundi la wanafunzi limezunguka bustani. Majani ya nyanya yalikuwa yamejikunja, kingo zake za kahawia kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Karibu miche yote ilikuwa imelala. Siafu alipiga magoti na kuchomeka kidole kwenye udongo, akasikia joto. Hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Ni Kesho!" mwenzake mmoja alipaza sauti. "Jana alikuwa huku na jembe!"

Kesho alikuwa mvulana wa darasa lao, bingwa wa kuchelewa shule nzima. Ukimdai kitu, jibu lake lilikuwa hilo hilo moja, ndiyo maana akaitwa hivyo. Siku iliyopita, kama kawaida yake, alikuwa amechelewa na kupewa jembe alime kichaka. Dakika hiyo alikuwa bado hajafika shuleni, kwa hiyo hata wa kumtetea hakuwepo.

Mkuu wa shule alifika, akatazama miche, kisha akamtazama Siafu. Uso wake ulikuwa na huruma, jambo ambalo Siafu hakulizoea.

"Uliniambia jembe la adhabu linaua kilimo, nikakupuuza. Ndiyo haya, siyo? Waliopewa adhabu wameyafanya kwa makusudi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Siafu aliiona nafasi hiyo waziwazi, akaiacha ipite.

"Ndiyo, Mwalimu."

Kabla ya saa nne mambo yote yalikuwa yamebadilika. Mkuu wa shule alitangaza kwamba adhabu ya jembe imefutwa, na kwamba somo la kilimo litaendelea mwakani, kwa kuwa wanafunzi wake wamehujumiwa. Kesho alisimamishwa masomo. Siku ya wazazi aje na mlezi wake, aombe radhi mbele ya wote, kisha itaamuliwa kama atafanya mtihani wa mwisho wa mwaka au atarudia darasa. Wenzake Siafu walimbeba juu juu. Na nyumbani, Baba alikuwa ameshapata habari kutoka kwa wateja, naye alikuwa akitia chumvi bila kipimo. "Amemshinda mkuu wa shule kwa hoja! Mtoto huyu, hata sijui kamrithi nani." Akamnong'oneza, "Hicho kilimo chako, acha nikifikirie."

Siafu alikuwa amepata kila alichokitaka. Sahani yake ya chakula aliirudisha jikoni vile vile.

Kesho alimvizia bombani, nje ya geti la shule, akiwa na begi lake mgongoni.

"Siafu, mimi sikugusa nyanya zenu."

"Mbona umekuja kwangu?"

"Kwa sababu wewe una akili, utanielewa. Hebu fikiri. Kuharibu miche yote ile ni kazi. Mimi nafanya kazi?" Alisema bila hata kutabasamu. "Nilipewa jembe, nikaliegemeza kwenye mti, nikachapa usingizi pale kwenye kichaka. Mwalimu wa zamu ndiye aliyeniamsha. Sasa nikimwambia mkuu wa shule kwamba nilikuwa nimelala, nitapata kosa la pili. Nikinyamaza, nina hili la kwanza. Bibi yangu miguu inamvimba, hapandi hata ngazi, na ndiye anayetakiwa aje hapa aaibike."

Siafu alifungua mdomo. Alitaka kusema "pole", lakini neno hilo kutoka kwake lingekuwa tusi. Akajitwika ndoo yake na kuondoka karibu mbio, akijichukia.

Siku ya wazazi bwalo lilijaa. Mabenchi yalikuwa yamepangwa mistari miwili, wazazi mbele, wanafunzi nyuma na pembeni. Baba alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na kusahau kitana kwenye mfuko wa kifuani. Mabuti alikuwa amerudi asubuhi hiyo hiyo, akasimama mlangoni. Na kwenye benchi la mbele kabisa, mbele ya macho ya watu wote, alikaa kikongwe mmoja aliyevaa ndala, maana miguu yake ilikataa kuingia kwenye viatu. Alikuwa ameinamisha kichwa tangu alipoketi.

Mkuu wa shule alieleza habari ya bustani, kisha akamwita Kesho mbele aombe radhi.

"Siombi," Kesho alisema. Sauti ilimtetemeka, ila alisimama wima. "Sikufanya."

Minong'ono ikazagaa. "Watoto wa siku hizi!" mzazi mmoja alisema kwa sauti. Yule bibi alijifuta uso kwa ncha ya kanga yake.

Siafu alipiga moyo konde, akasimama juu ya benchi ili asije akajidai hakuonekana.

"Kesho anasema kweli. Hakugusa hata mche mmoja. Miche imeuawa na mimi."

Bwalo zima lilimgeukia. Baba aliinuka nusu, akabaki hivyo hivyo, si amekaa, si amesimama.

"Niliambiwa nisitie samadi mbichi, nikatia," Siafu aliendelea, na kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyokaza. "Nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha. Mwalimu aliponiuliza kama ni waliopewa adhabu, nilisema ndiyo, na nilijua siyo. Somo letu limebaki kwa uongo wangu."

"Umejuaje kwamba ni samadi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mabuti kutoka mlangoni. Haikuwa na hasira. Aliuliza kama darasani.

"Udongo wa shinani ulikuwa na joto. Niling'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa ya kahawia, imekauka nchani. Ya mche mzima ni myeupe. Na mstari wa mwisho haukufa hata mche mmoja, kwa sababu gunia liliniishia." Watu wengine walicheka, Siafu akawangoja wamalize. "Mstari huo ndio unaopakana na kichaka alikokuwa Kesho na jembe. Kama angekuwa yeye, ungekufa wa kwanza. Ushahidi ulikuwa wazi siku zote, hakuna aliyetazama. Mimi nilitazama nikanyamaza. Kesho, nisamehe. Bibi, nisamehe na wewe. Hukupaswa kuletwa hapa."

Bibi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alimtazama mjukuu wake, na Kesho akaenda kukaa karibu naye.

"Kwa hiyo ulinidanganya," mkuu wa shule alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unajua unachoweza kukipoteza?"

"Najua. Lakini nikipoteze mimi, si yeye."

"Adhabu yake alime!" Kesho alipaza sauti kutoka kwenye benchi, na bwalo likaangua kicheko.

Hata mkuu wa shule nusura atabasamu. "Naona ni haki. Utalima kichaka chote, peke yako, mpaka kiishe."

"Hapana, Mwalimu."

Kicheko kilikatika. Siafu alikuwa bado juu ya benchi, kidevu kiko juu.

"Nipe adhabu nyingine yoyote. Nitasugua vyoo vya shule nzima, nitaosha madirisha yote. Ila jembe sitalishika kama adhabu. Nikilishika hivyo, nimewaambia wote waliomo humu kwamba kazi ninayotaka kuisomea ni ya watu wabaya. Aliyedanganya ni mimi. Kilimo hakikudanganya."

Mkuu wa shule aligeukia mabenchi ya wazazi. "Mzazi wake yupo?" aliuliza.

Baba alimalizia kusimama. Alikohoa, akakigusa kitana mfukoni, akagundua kipo na watu wanakiona.

"Mwalimu, mimi nilikuja hapa kusema kwamba binti yangu ni wa udaktari. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Sasa niseme jambo moja la kazi yangu. Mimi ni kinyozi, vijana wanakuja kwangu kujifunza. Kila anayejifunza siku moja humkata mteja, hilo haliepukiki. Akisema, 'Nimekukata, samahani,' huyo namfundisha mpaka mwisho, atakuwa fundi. Akisema, 'Wewe ndiye uliyetikisika,' namwambia akatafute kazi nyingine, kwa sababu atawakata watu maisha yake yote na hatajua kwa nini." Alimtazama binti yake. "Huyu ilimchukua muda, na muda huo umenitia aibu. Lakini amesema, 'Nimekukata.' Mwandike kilimo, Mwalimu. Sijui udongo unasomewaje, yeye atanieleza."

Siafu alishuka kwenye benchi. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Mkuu wa shule aligonga meza. Kesho atafanya mtihani wake, na jina lake lisafishwe mbele ya shule nzima. Siafu atasugua vyoo hadi muhula uishe. "Kuhusu somo la kilimo," alisema, "nilitaka nione bustani itakayomfanya mzazi akubali. Bustani imekufa, lakini mzazi amekubali, tena mbele ya mashahidi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, jibu likiwa sahihi siwezi kulikata. Somo linabaki. Na jembe la adhabu halirudi."

Jumatatu Mabuti alimkuta Siafu kwenye vyoo vya wasichana, suruali ya michezo imekunjwa hadi magotini, akisugua sakafu kwa brashi ngumu. Alisimama nje, mlangoni.

"Samadi mbichi nimewahi kuitia hata mimi," alisema. "Kosa hilo mtu hujifunza kwalo, kisha likasahaulika. Lile la pili ndilo lililotaka kukutoa kwenye kazi hii. Siku moja mkulima atakuja kwako na mahindi yaliyonyauka, akuulize kwa nini. Ukimwambia jambo, atalifuata, na familia yake itakula au italala njaa kwa neno lako. Ukizoea kuwatupia wengine makosa yako, hutaumia wewe, wataumia wao. Kwa hiyo jitayarishe tangu sasa. Kujua udongo ni nusu ya kazi, na kusema ukweli hata unapokuumbua ni nusu iliyobaki."

Siafu aliegemea brashi yake. "Nimesikia, Mwalimu, na nimekubali. Lakini na wewe siku nyingine usiende semina wakati miche ina umanjano."

Mabuti aliangua kicheko kikavuma mle chooni. "Huyu hata akitubu, anatubu kwa ugomvi!" alisema. Akachukua ndoo tupu na kwenda kumjazia maji.